Kibuyu cha Hilaire

Hakuna mtu Bwera aliyewahi kumsikia Kahambu akisema kwamba mumewe aliuawa na pombe. Ilikuwa homa. Alivuka mpaka kuingia Bwera mwaka 1964, akikimbia vita vya upande wa Butembo, pamoja na binti yake Anastasie na mwanawe mdogo Kakule, na hiyo homa alikuwa nayo mdomoni tayari kwa yeyote atakayeuliza.

Ukweli aliujua. Mumewe Hilaire alikuwa mtu wa kicheko kikubwa, mwepesi wa kujaribu kila jambo, mzito wa kuacha. Wenzake walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kisha wakaenda kulima. Yeye alibaki. Kakule alikuwa amechukua kicheko kilekile. Akipewa mua hakubakiza pingili. Akianza mchezo, aliondolewa kwa fimbo. Kahambu alimtazama akaogopa.

Akampeleka Katunguru kwa Musitafa, msafirishaji wa samaki, Mwislamu ambaye chupa haikuvuka kizingiti chake.

"Mukatoliki unaniletea mutoto?" Musitafa alicheka. "Nitamugeuza Hamuza, utalia!"

"Mwite vile unataka, baba. Pombe tu asiione."

"Mama Anastasie," mkewe Rehemah akamtuliza, "pombe haiko ndani ya mutu. Iko ndani ya nyumba. Hapa haiko."

Kahambu alitaka sana kuamini, na miaka ilimsaidia. Kakule alikuwa utingo, kisha dereva. Siku za soko alimletea mama yake samaki waliokaushwa, shati safi, kicheko kikitangulia mlangoni.

Mwaka 1974 ukoo wa Hilaire ulivuka mpaka. Vita vilikuwa vimezuia matanga ya Hilaire kufungwa, na mrithi hakuwa amesimikwa. Desturi ilikuwa wazi: mtoto wa kiume anywe kwa mrija kutoka kibuyu cha baba yake, watu wakiona. Jean-Bosco, mdogo wa marehemu, alikuja na kibuyu chenyewe, kimefungwa kwa majani ya mgomba.

Kahambu alimvuta nyuma ya jiko. "Shemeji, tutie maji ndani."

"Maji? Hilaire iko samaki?"

Waliosikia wakaangua kicheko. Kahambu angeweza kueleza. Lakini kumtaja marehemu kwa ubaya siku ya kumpumzisha ni kumtukana, na yeye alikuwa mjane mkimbizi mbele ya wakwe zake.

Kakule naye akamsogelea. "Mama, kwa Mzee Musitafa hatunywi. Nifanye nini?"

Kahambu aliwatazama wakwe waliokizunguka kibuyu.

"Baba yako anangoja," alisema.

Anastasie alionja kwanza, akakunja uso, akasema imechacha mno, akaenda kugawa chakula. Kakule akavuta mrija. Yeye hakukunja uso. Alifumba macho, mabega yakashuka, kama mtu aliyefika kwao baada ya safari. Kahambu aliyajua mabega yale.

Musitafa aliuvumilia ulevi wa Kakule kuliko ambavyo baba wengi wangevumilia. Mwishowe alichukua ufunguo wa lori, akilia. Sokoni watu walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kahambu aliichukia methali hiyo. Anastasie alitoka tumbo hilohilo, kwa baba huyohuyo, na kikombe kimoja kilimtosha siku zote.

Asubuhi moja ya 1977 Kakule aliketi mlangoni kwa mama yake.

"Mama, baba ilikufa na nini?"

Akamwambia yote.

"Nilifikiri niko mubaya peke yangu," Kakule alisema. Kisha: "Siku ile ya kibuyu nilikuuliza."

"Uliniuliza, mwanangu."

Alijaribu. Alirudi Katunguru, Rehemah akamtandikia mkeka wake wa zamani, na msimu mzima wa mvua akakaa bila kugusa kitu. Halafu rafiki yake akafa huko Kasenyi, akaenda kuzika, na matangani kulikuwa na mtungi wa kasiksi.

Kakule walimzika Bwera mwaka 1979. Jean-Bosco alisimama, kama desturi, kuwaambia watu kilichomchukua marehemu.

"Ni homa," alisema.

Kahambu akainuka. "Ni pombe. Na Hilaire, ni pombe."

"Mama! Unatukana maiti!" Jean-Bosco alifoka.

Kahambu alimpa kisogo. Watoto wa Anastasie walikuwa wameketi safu ya mbele, mmoja wao ana kicheko kikubwa kuliko wenzake. Kahambu alikuwa akisema na hao.