Mimba ya Ukuta

Laurentine hana cheti cha chochote, lakini kikaango chake kilimshinda Chalwe, msimamizi wa ujenzi mwenye kofia nyeupe na maringo ya bure.

Mwaka jana, ufukweni mwa ziwa huko Nchelenge, wanaume kumi na mmoja walichimba shimo la mita saba la kuweka pampu ya maji. Mchanga ulizuiwa na ukuta wa mabamba ya chuma, uliokazwa juu kwa boriti. Mmoja wa wachimbaji alikuwa Dédé, mume wa Laurentine, aliyevuka naye ziwa kutafuta kazi, baba wa binti yao Reine. Laurentine alikaanga vitumbua hatua tatu nyuma ya ukuta huo ili amchunge, maana Dédé ni mvivu, naye anampenda hivyohivyo.

Kila asubuhi Chalwe alivuta uzi juu ya ukuta na kutangaza kwamba haujasogea hata milimita. Usogeeje, na juu kuna boriti? Ukuta wa namna hiyo hufura katikati, kama mtu aliyekaza mkanda kifuani. Kadiri unavyochimba ndivyo tumbo linavyotoka, na ardhi ya nyuma inashuka.

Alhamisi moja mafuta ya Laurentine yakakimbilia upande mmoja wa kikaango. Akasawazisha mbaula, jiko lake la mkaa, kwa jiwe. Yakakimbia tena. Alipochungulia shimoni akaliona tumbo, akaita kwa hofu:

"Baba Reine, toka! Ukuta iko na tumbo!"

"Ngoja, Mama Reine, sasa njo naanza kazi," Dédé akajibu, akiwa ameegemea koleo.

Chalwe ni Mbemba. Kiswahili chake kinaishia kwenye majina ya samaki. Basi Laurentine akanyoosha mwiko na kumpigia kelele kwa Kibemba cha kuokoteza: "Ali ne fumo!"

Ukuta hausemwi hivyo. Husemwa mwanamke: ana mimba. Na ng'ambo ya shimo, mwiko ulikoelekea, alikaa Matildah, mtunza stoo, ambaye mwezi mzima alikuwa akicheka na Chalwe kuliko kazi ilivyohitaji.

"Si yangu!" Chalwe akaropoka, kabla hajaulizwa.

Wachimbaji wote wakapanda ngazi mbio kusikia vizuri. Hatari haikuwatoa, umbea uliwatoa. Wa mwisho alikuwa bado anajifuta matope pale boriti ilipopinda, ukuta ukainama, mchanga na maji vikajaza shimo lote.

Laurentine alimshika Dédé sikio, akalia bila aibu.

Chalwe sasa anapima katikati. Dédé naye hachoki kuuliza: "Lakini ile mimba ilikuwa ya nani?"

"Mujinga weye," Laurentine humjibu. "Ni weye njo ulizaliwa siku ile, ukatoka mu shimo."