Tai Yangu Ilizikwa Pamoja na Bibi Osmunda

Walisema sitaweza. Nilipofunga karakana yangu ya majokofu Dar es Salaam nikarudi Mbinga na stashahada yangu, nikajenga nyumba ya vigae ambayo hata wakwe zangu huja kupigia picha, halafu nikatangaza kwamba nakusanya vifaa vya cherehani za zamani, watu walicheka. "Wanawake wa ziwani hawatoi vitu vya mama zao," alisema jirani yangu tukiwa tunaanika kahawa, "utarudi na pancha tu." Sikurudi na pancha. Nilirudi na miguu ya cherehani ya kukunjia pindo na ya kushonea matundu ya vifungo, na vibobini virefu vya uzi wa chini na vikasha vyake vyenye umbo la mtumbwi, na zaidi ya vyote vile vifaa vya marinda, vyenye meno yanayosukuma kitambaa kikajikunja chenyewe huku sindano inapita. Nikavipanga sebuleni kwenye kabati la kioo, kila kimoja na jina la mwenyewe (maana hakuna aliyeniuzia hata kimoja, kule kitu cha mama hakiuzwi, kinaazimwa, na aliyeazima hujulikana kanisa zima).

Basi niliweza. Na huko kuweza ndiko kulikonifikisha kwenye aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka nikiwa naendesha, nazima redio ya gari.

Wa kwanza kuniazima alikuwa Bibi Osmunda, fundi wa kijiji kimoja kando ya ziwa, si mbali na Mbamba Bay. Kifaa chake ndicho kilichokuwa kikishona marinda meupe ya ndani ya majeneza ya pale, kwa sababu kwao mtu halazwi juu ya mbao tupu, hata awe maskini namna gani. Siku aliponikabidhi alinishika mkono akacheka: "Mjukuu, siku yangu ikifika ukirudishe, na mimi nilale kwenye marinda." Nikamwahidi.

Siku yake ikafika. Binti yake, Tekla, alinipigia simu Ijumaa asubuhi, sauti imemkauka. "Kaka, mama ametutoka jana. Tunazika leo mchana. Uje na kile kifaa, maana na vya wenzake wote unavyo wewe."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimezunguka ziwa lile nyumba kwa nyumba mpaka hakukubaki mwanamke mwenye kifaa cha marinda. Nikavaa suti, nikafunga tai yangu nyekundu ya mahafali, nikateremka na gari.

Nilikuta jeneza juu ya mabenchi, mbao zikinukia maranda, na pembeni yake cherehani ya mkono ya marehemu juu ya meza na kitambaa cheupe kimekunjwa. Tekla alikuwa amekaa tayari kwenye kigoda, macho mekundu. Nilichotakiwa kufanya ni kumpa kifaa mkononi na kwenda kukaa na wanaume, basi. Lakini uwanja ulikuwa umejaa, na humo niliwaona hata wale wale walionicheka, wameteremka kuzika, na tai yangu ilikuwa inapendeza.

"Inuka upumzike, dada," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Wewe ni mfiwa. Nitamshonea mwenyewe."

"Umewahi kushona, kaka?"

"Dada yangu, mimi nimesomea mitambo." (Jokofu nalo ni mtambo.)

Akanipisha. Nikapima jeneza kuzunguka, nikakata kitambaa chote vipande virefu vya kutosha mzunguko ule ule, nikaviunga, nikafunga kifaa, nikaanza kuzungusha. Kwa kweli ilipendeza! Marinda yalitoka madogo madogo, yamebanana, wanawake wakaguna kwa kuridhika, mzee mmoja akasema, "Injinia yumo," na mimi nikaongeza mwendo. Sikujua jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuvaa sketi ya shule angeweza kulijua: marinda yanakula kitambaa. Nilipolaza kile nilichokwisha kushona, kikazunguka upande wa kichwa tu. Chini kote mbao tupu.

"Mtoto akimbie dukani," mtu akasema. Duka la vitambaa lilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa amelifunga, amekwenda kuswali Ijumaa. Na Padre alikuwa njiani, akitoka hapo ana misa kwingine.

Nikarudi kwenye cherehani nikazungusha kwa haraka kile kipande kilichobaki, nimeinama nikilegeza marinda yasibanane, jasho linanidondoka, na sikuona kwamba ncha ya tai imelala juu ya kitambaa. Yale meno hayakuuliza. Yaliivuta, yakaikunja vizuri kabisa, sindano ikapita.

"Injinia," nikasikia sauti ya mama mmoja, "mbona kichwa chako kinashuka?"

Nilipojaribu kuinuka, cherehani ikainuka nami. Kwa mkono wa kushoto nikaishika isiangukie jeneza, kwa sababu lilikuwa hapo hapo karibu, na ndivyo Padre alivyonikuta: nimeinama juu ya meza, shingo imefungwa kwenye marinda. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Tuifumue," nikanong'ona.

"Muda hakuna," akasema Tekla. Akachukua mkasi wa mama yake, akaikata tai chini ya kidevu changu, na ile nusu ikabaki ndani ya marinda meupe, nyekundu, kama ulimi. Bibi mmoja nyuma akasema polepole, "Huyu amejitanguliza mwenyewe."

Ndipo mama mmoja akavua kitenge cha begani akakitandika kwenye mbao. Mwingine akafuata, na mwingine, mpaka mbao zikaisha kuonekana. Bibi Osmunda, aliyewashonea wote, alilala kichwa kwenye marinda yangu na mwili mzima kwenye vitenge vya wenzake. Nilimwahidi marinda. Nilipotupa udongo wangu, sikuweza kumtazama binti yake.

Mavuno ya kahawa yalipopita nilitoa vitu vyote kabatini, nikajaza gari vitenge vipya, nikateremka tena. Nyumba kwa nyumba: shikamoo mama, hiki kifaa chako, na hiki ni kitenge badala ya kile. Wengine walinikaribisha ugali kwa dagaa wa usipa, wengine walipokea mlangoni. Siku ile ile nikamaliza wote, akabaki Tekla.

Alikipokea kifaa cha mama yake kwa mikono miwili, akakipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akanitazama shingoni. Sikuwa na tai. Sijavaa tai tena, na sitavaa. Nusu iliyobaki ndiyo pekee iliyomo kwenye kabati langu la kioo, na wageni wakiuliza nawaambia nyingine imetangulia.

"Kaka," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona meno yake, "siku yako ikifika, marinda nitayashona mimi."

"Asante, dada," nikamwambia. "Ila kitambaa ununue mara tatu ya kipimo."