Gitaa la Besi Lililokataa Kukauka

Siku ile naikumbuka kwa pua, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa macho. Harufu ya vanishi ilikuwa imetanda nyumba nzima, imeingia hata kwenye ugali, na nje mvua ya alasiri ilipiga mabati kama ilivyo desturi yake huku kwetu kwenye majani chai. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mimi nilikuwa msichana mchuma chai, na kaka yangu Kiprono alikuwa msaidizi wa fundi wa umeme kiwandani. Mezani, mahali pa sahani, lilikuwa limelala gitaa la besi tulilolitengeneza kwa mikono yetu, nalo lilikuwa limekataa kukauka.

Ngoja kwanza nikuambie lilikuwa la nani. Majirani waliliita gitaa la Kiprono, lakini halikuwa lake. Lilikuwa la baba.

Baba ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo kanisani. Hatukuwa na jengo letu wakati huo. Tulisali katika ukumbi wa wafanyakazi, ule ule uliochezewa dansi Jumamosi, kwa hiyo akina mama walitangulia asubuhi kufagia vipande vya sigara ndipo tupige magoti. Baba alisimama, akatoa sauti ya kwanza, nasi tukaingia nyuma yake kama ng'ombe wanaoijua njia ya maji. Lakini siku sita za juma alifanya kazi kando ya injini ya kiwanda, na mngurumo ule ulimla masikio jinsi mchwa anavyokula mlango: unauona mzima mpaka siku unapousukuma. Ikafika Jumapili akaanzisha ubeti wa tatu sisi tukiwa tumekwisha kuketi. Vijana wakacheka. Tangu siku hiyo baba alihamia benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo mapajani, mdomo umefungwa.

Basi jioni moja Kiprono akamkuta ukumbini, santuri inalia, naye amesimama kando ya spika, kiganja amekilaza juu ya sanduku lake. Kichwa kilikuwa kinaitikia mdundo, na kiliitikia mahali pake hasa. Kiprono alirudi mbio kuniambia kwamba masikio ya baba yamekwenda, lakini mifupa yake bado inasikia, mradi sauti iwe nene na itoke chini. Alikuwa ameona katika gazeti kuukuu picha ya gitaa la besi la umeme, lenye nyuzi nne nene. Akasema tutaliunda.

Mwanangu, sisi hatukujua kwamba jambo hilo ni gumu, na kutojua kwetu kulitusaidia. Kiwiliwili tulikichonga kwa ubao wa podo, shingo kwa mzeituni wa mwituni, mti unaozima makali ya randa. Nyuzi zilikuwa waya za breki za baiskeli. Sumaku tulizitoa katika spika iliyokufa, na waya mwembamba wa shaba ulitoka kwenye mota iliyoungua, ambayo fundi alikwisha kuitupa. Kuuzungusha waya ule juu ya sumaku ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa nyanya yangu alikuwa amenifundisha kutunga shanga na vidole vyangu havikuchoka upesi. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Ukikatika, unaanza upya. Nilijifunza kuomba huku nazungusha. Na siku Kiprono alipoliunganisha gitaa na mashine ya santuri, likanguruma hata kikombe kikatembea mezani.

Ilibaki vanishi tu. Kiprono alitaka gitaa lilie Krismasi, siku ambayo wageni huja kutoka Kapkatet na Kedowa na ukumbi hujaa hadi madirishani. Lakini mvua zilikuwa zimekawia kuondoka mwaka huo, na vanishi katika unyevu haikauki, inanata tu kama asali. Tulilifunika kwa magazeti yanyonye unyevu, vanishi ikashika maandishi yake. Tukalipeperusha kwa ungo. Siku zikapita.

Ndipo Kiprono akakumbuka chumba cha kunyaushia majani. Kilikuwa ghorofa ya juu ya kiwanda, na hewa kavu ya uvuguvugu ilipita humo mchana na usiku juu ya vitanda vya gunia ambapo majani mabichi yalitandazwa yalegee. Msimamizi wa chumba hicho alikuwa Mzee arap Soi, mtu wa rika la baba, waliingia jandoni pamoja. Na kwetu unajua, rika la baba yako ni baba yako. Kiprono aliona mlango umekwisha kufunguka.

Mzee huyo alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni na kumnusa kila aingiaye. Aliyekula kitunguu alirudishwa, na mwenye tumbaku, na mwenye mafuta ya taa mikononi. Jani la chai linaponyauka hunywa harufu yoyote iliyo karibu nalo, na halisahau. Sisi tulipanda ngazi jioni, gitaa tumelifunga ndani ya gunia, mimi nimeshika upande wa shingo.

"Mmebeba nini, watoto wangu?"

"Ni ubao tu, baba," Kiprono akajibu.

Mzee akavuta hewa mara moja. "Huu ubao umejipaka mafuta unaenda dansi?"

Hapo Kiprono akaeleza yote, akasihi, akataja rika, akataja baba. Usiku mmoja tu, pembeni kabisa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, maana hakuwa mtu wa kukata maneno ya mwenzake. Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu. Akasema majani yale nimeyachuma mimi na wenzangu huku tukinyeshewa, na yakilala na vanishi yatanywewa huko ng'ambo yakiwa na ladha ya kabati. Chumba si chake, akasema, amekabidhiwa. Tukarudi na gunia letu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kiprono hakurudi kungoja, alirudi kutafuta joto lingine. Alilitundika gitaa juu ya moto wa jikoni, nami nikachochea kuni hadi usingizi ukanishinda. Asubuhi vanishi ilikuwa imefura mapovu kama maziwa yaliyofurika, masizi yamezama ndani yake, na shingo imejipinda ikaachia gundi. Mama aliingia akaliona.

"Haya," akasema, "leo tuna gitaa la nyama choma."

Krismasi ikaja. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, na baba alikaa benchi la nyuma. Alasiri Mzee arap Soi alikuja kwetu kunywa chai na mwenzake wa rika, akaliona lile gitaa limeegemezwa ukutani. Kiprono alikuwa na uchungu, na uchungu ukamtoa adabu. Akamwambia kwamba kama angeturuhusu, baba angeimba leo.

Mzee akaweka kikombe chini.

"Baba yako amekaa lile benchi miaka. Umewahi kumsikia akisema ana haraka?"

"Hapana."

"Mama yako ana haraka?"

"Hapana, baba."

"Basi haraka hii ni ya nani?"

Mzee akasema tena, kwa sauti ya chini, bila ukali, "Ulitaka baba yako aimbe, ama ulitaka watu waone ni nani amemwimbisha?"

Mwanangu, swali hilo lilinichoma na mimi pia, kwa maana nilikuwa nimekwisha kushona gauni la kuvaa siku hiyo. Baba alikuwa ameketi pale pale katikati yetu, anapuliza chai yake, hasikii hata neno. Kaka yangu alimtazama, kisha machozi yakamtoka, kijana mzima.

Mzee akamaliza chai yake yote ndipo akaomba chupa iliyovunjika. Kwa vipande vya chupa tulianza kukwangua ile vanishi iliyoungua jioni ile ile.

Januari ilileta jua. Shingo tulichonga nyingine. Vanishi tulipaka kwa kitambaa, nyembamba kama pumzi kwenye kioo, tukalitundika gitaa uvunguni mwa ghala, upepo unapita, jua haligusi. Mzee alitufundisha kulinusa kila asubuhi: likinuka vanishi, ondoka, likinuka mti, piga msasa upake tena. Kiprono, ambaye hakuweza kungoja viazi viive, akawa mtu wa kunusa na kuondoka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na yeye tamu alikuwa ameanza kuionja.

Lililia Jumapili moja ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa wachache, wengi wamekwenda makwao. Hakuna mgeni aliyeitwa. Kiprono alisukuma sanduku la spika chini ya benchi la nyuma, akaketi kando, akagusa uzi mnene kuliko yote. Baba akainama kutazama ni nani anayesogeza benchi lake. Uzi ukalia tena, na tena, taratibu kama mtu anayetembea. Baba akaacha kutazama. Akaweka viganja vyote viwili juu ya ubao wa benchi, akafumba macho.

Kisha akasimama, akaanzisha wimbo. Aliuanzisha chini mno, mahali ambapo sauti za wanawake hazifiki, hata ikabidi tungurume kama wanaume. Kiprono alihangaika na nyuzi mpaka akampata alipo. Tukamfuata ubeti kwa ubeti, na vijana pia. Na neno la mwisho tulilitoa sote kwa pumzi moja, baba akiwemo, tukaketi pamoja naye.

Mwanangu, nawe utatengeneza kitu kwa ajili ya mtu unayempenda, iwe nyumba, iwe shamba, iwe jina. Siku utakapoona moyo unakukimbiza, simama ujiulize haraka hiyo ni ya nani. Ikiwa si ya yule unayemtengenezea, iache ipite. Na ukimwendea mtu aliyekabidhiwa cha watu, usimshike kwa undugu akufungulie. Anayekunyima kwa uaminifu amekupa kitu, ingawa utachelewa kukiona.

Nenda na amani. Mungu wa baba zangu akuongoze mikono, akupe mvua kwa wakati wake na jua kwa wakati wake, na kazi unayoianza kwa mapenzi akujalie macho ya kuiona imekamilika. Amina.