Nyuki wa Baba Wahamia kwa Mama Mkwe

Nilitoka Kitengela kwa sababu nyuki wangu walikuwa wanakufa. Baba alipofariki aliniachia mizinga miwili, nikaitoa Bungoma na kuileta kwenye ploti yetu. Sikuwa na kumbukumbu yake nyingine. Mwaka huo wa kiangazi maua yaliisha kabisa, nikawapa maji ya sukari, tena nikijisifu. Wapi! Majana, yaani watoto wao, yalianza kuoza ndani ya masega, na harufu ikafika hadi mlangoni.

"Tuwapeleke kwa mama," mke wangu Naserian akasema. "Kule maua iko ya kila aina."

Mama yake analima Illasit, chini ya Mlima Kilimanjaro. Hapo roho ilisita, maana sisi Wabukusu mama mkwe hatumtazami usoni, na chakula cha mkono wake hatukigusi. Lakini nyuki ni wa baba. Nikakubali.

Alfajiri tuliziba milango ya mizinga kwa matambara, tukaipakia kwenye pikapu ya jirani anayeuza nyasi. Nilikaa nyuma nayo.

Mbele ya Emali, tulipoacha lami, njia ikawa vumbi na mashimo, na mzinga mmoja ukanyamaza. Niliogopa sana. Nikaugonga kwa kidole, wakanguruma. Asante Mungu!

Illasit tulifika mchana. Alizeti, maharagwe, migunga iliyochanua kando ya mfereji: macho yangu yalishiba. Mama mkwe alisimama ng'ambo ya ua, nami nikageukia mlima.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. Mengine akamtuma Naserian. "Uliza bwanako alikuwa anawapa nini."

"Sukari, mama," Naserian akajibu.

"Sukari peke yake? Na yeye akikunywa chai tu, bila ugali na mboga, malaria itamwacha?"

Nilicheka nikiwa bado nautazama mlima. Mama mkwe akaendelea kusema kwamba hata nyuki wake waliugua msimu ambao wakulima wa pale walipanda alizeti tupu. Majana hulelewa kwa unga wa maua, na unga wa ua moja hautoshi. Mchanganyiko ndio huwapa nguvu ya kushindana na ugonjwa. Tukakata masega yaliyooza, tukayachoma, tukaiacha mizinga pale.

Mvua zilipokwisha tulirudi. Nilifunua mzinga wa kwanza. Harufu, hakuna! Majana yalikuwa meupe, manono, na nyuki waliingia na unga wa njano, wa chungwa, wa kijivu miguuni. Nikafunua wa pili: hivyo hivyo. Nililia, mwanaume mzima.

"Mama, wamepona! Wamepona!" nikapaza sauti.

Mama mkwe akaja mbio, akakata kipande cha sega, akaninyooshea. Nikala. Nilipomwona Naserian ameshika mdomo ndipo nikakumbuka mila, na asali ilikuwa imeshanifika kidevuni. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni tulishika njia ya Kitengela bila mizinga, roho nyepesi. Nimejifunza kwamba kushiba ni kitu kimoja na kupata nguvu ni kingine. Baba angenigombeza sana kuhusu ile mila, halafu angeniuliza kama asali ilikuwa tamu.

Ilikuwa tamu, baba.