Maua Yasiyotaka Mkono

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mkutano wetu kule Muleba uliamua kwamba kila nyumba inayotazama barabara iwe na bustani ya maua mbele, maana wageni wakubwa wangepita. Sikupinga. Nilikuwa nimesinzia.

Asubuhi nilikuwa shamba la kijiji, mchana kibanjani kwangu kwenye migomba, jioni bondeni kuteka maji. Mume wangu alifanya kazi melini, Mwanza; alikuwa akiandika barua kuuliza kama migomba haijambo. Mimi hakuniulizia. Sasa maua ya kumwagilia ningeyapatia mkono upi? Nikatafuta mmea usiotaka maji wala palizi, ambao hata mbuzi hautaki. Kwetu upo: mulamula. Unakata kijiti, unachomeka, unakwenda zako.

Jirani alinikatia vijiti ishirini kwa mkungu mmoja wa ndizi. Alianza kwa kutaka miwili. Nilipofika nyumbani nikahesabu, kumi na tisa. Nikahesabu tena, kumi na tisa. Nikarudi kuchukua cha ishirini.

Uwanja wa mbele tuliutumia pamoja na mama mkwe, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa kulia, karibu kabisa. Upande huo udongo ulikuwa laini, basi nikachomeka vijiti vyangu hapo, mstari mmoja kutoka migombani hadi barabarani, nikatandaza nyasi chini ili magugu yasiote. Kazi ya nusu siku. Nikajiona fundi.

Siku nne mama mkwe hakuja. Mtu aliyekuwa akikatisha uwanja kila asubuhi kuja kunywa chai yangu na kuniambia sijui kufagia! Siku ya tano nikamwona anazunguka kwa barabarani, polepole, na fimbo.

"Mama, mbona unazunguka?"

"Nipite wapi, waitu? Umeniwekea mpaka."

Ndipo nikaitazama bustani yangu. Kwetu mulamula ndio mpaka wa kibanja. Ndugu wakigawana, unapandwa, na hakuna anayeung'oa hivi hivi. Nilijua. Kila Mhaya anajua. Uchovu ndio ulinifanya nione majani tu.

"Ni maua hayo, Mama."

"Maua! Mwanangu yuko majini, wewe umeshanigawia. Mkishaniondoa, mniambie ninakwenda wapi."

Nilitaka kucheka, nikaona hatanii. Alikuwa mjane, na mahali pengine hakuwa napo.

Kuving'oa peke yangu nisingethubutu. Kung'oa mpaka bila shahidi ni kesi nyingine, na sikuwa na nguvu ya kesi. Nikamwita balozi wa nyumba kumi. Akaja, akazunguka, akaguna.

"Mpaka huu ulishuhudiwa na nani?"

"Na mbuzi," nikasema.

"Basi si mpaka. Lakini mbele ya nyumba pasibaki patupu, mkutano umesema."

Nikamgeukia mama mkwe. "Ning'oe viwili, upate njia."

"Viwili ni njia ya kuku."

"Vinne."

"Vyote."

"Sita, Mama, na mgongo wangu uuhurumie."

"Mgongo wako una miaka mingapi? Vyote. Uvihamishie kule barabarani, vianzie kwangu viishie kwako. Hapo nitaona kweli tuko ndani sote."

Sokoni watu walikuwa wakinikwepa kwa jinsi nilivyobishania bei. Yule bibi hakunipunguzia hata kijiti.

Nikaving'oa vyote mbele ya balozi, nikachimba mashimo ishirini, maana barabarani udongo ulikuwa mgumu. Balozi alikaa kidogo, akakumbuka ana kazi, akaondoka. Mama mkwe akavuta kigoda chake hadi katikati ya uwanja, akakaa kunisimamia.

"Umepinda huo mstari," akasema nilipofika shimo la mwisho.

Nikainuka, nikaangalia. Ulikuwa umepinda kweli. Nikaingia ndani kubandika chai.