Nguo za Saada zimerudi bila Saada

Jamani, leo nimemlilia mjukuu wangu akiwa hai.

Saada ni yaya. Wazungu wake wa shamba la kahawa, huku Meru, wamekwenda naye kwa meli hadi Aden, mji wa bandari huko Uarabuni, kupumzika.

Asubuhi kikaja kifurushi. Nafungua, khanga zake zote.

Nguo za mtu zikirudi bila mwenyewe, mnajua maana yake.

Nikapiga yowe. Majirani wakatandika mikeka ya msiba.

Ndipo mwalimu wa madrasa, huyu anayeniandikia, akaona barua ndani.

“Shikamoo bibi. Maduka ya huku yamejaa hariri, nimenunua magauni. Usiku tunakula hotelini, kuna muziki. Khanga mpe yeyote.”

Watu wakacheka, wakakunja mikeka.

Mimi sikucheka. Aliyezirudisha khanga zake, mwenyewe ana nia ya kurudi?

Niambieni, wenye mabinti.

Nimezifua. Simpi mtu.