Mpiga Besi wa Barabara ya Nyamongo

Nimefundisha jiografia miaka mingi na sina mazoea ya kusimulia mambo ya mizimu. Kwa hiyo kama unataka kuniita mwongo, subiri nimalize kwanza, halafu nenda Tarime mjini ukamuulize mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stendi. Yeye si mtu wa kupamba maneno.

Nianze na albamu yenyewe, maana bila hiyo hakuna kisa. Miaka ya tisini, nikiwa sekondari kule kwetu Njombe, mjomba wangu aliyekuwa dereva wa lori alileta kanda moja kutoka Nairobi. Ilikuwa ya vijana wanne waliojiita Vumbi Jekundu, na albamu waliipa jina Mvua ya Bati. Walipiga roki, tena si ile ya kuchezeka. Magitaa yalikwaruza, na mwimbaji aliimba kama mtu anayejisemea peke yake chumbani. Siku hizi wangeiita roki mbadala. Wakati ule watu waliiita makelele. Redio hazikuipiga, maduka hayakuitaka, kundi likafa kimyakimya. Hata picha ya kwenye kasha ilionyesha vijana wenyewe wametupa mgongo.

Lakini mwaka ule nilikuwa nimefiwa na mama yangu. Nipo bweni, sina wa kumwambia, na kitu pekee kilichonipa usingizi kilikuwa besi ya kanda ile. Niamini ninapokwambia, besi ile ilisikika kifuani kabla haijafika masikioni.

Nilipoajiriwa nikapangiwa kufundisha Issenye, wilaya ya Serengeti. Nyimbo za ile kanda nilizihamishia kwenye simu baadaye. Katika miaka yote hiyo sikukutana na mtu hata mmoja aliyewahi kuzisikia.

Basi, alasiri moja mwaka juzi nilikuwa natoka Tarime kununua spea za pikipiki, narudi Issenye kwa kupitia Nyamongo. Mvua ikanikamata njiani, ile ya kukufanya usione mbele. Nikaegesha pikipiki, nikajibanza kwenye baraza la duka lililofungwa. Nilikuwa peke yangu. Nikatoa simu, nikaweka Mvua ya Bati.

"Hiyo umeitoa wapi, mura?"

Kulikuwa na kijana amesimama upande wa pili wa baraza, ameegemea nguzo. Amekuja lini, sijui. Nguo zake zilikuwa kavu kabisa, na vumbi jekundu lilimjaa mpaka kwenye kope, kama wachimbaji wanavyotoka shimoni. Kwa Wakurya, mura ni neno la kumwita kijana. Yeye alionekana hajafika miaka thelathini, na mimi nina mvi. Nikaona ananitania.

"Ni kanda ya zamani," nikamwambia. "Huwezi kuijua."

"Naijua. Hiyo besi ni mimi."

Nikacheka. Nikamwambia hata akipiga hesabu vipi, wakati ule alikuwa hajazaliwa. Hakubishana. Aliweka vidole vyake kwenye ile nguzo, akaanza kugonga taratibu akifuata wimbo. Sasa wewe niambie, simu ndogo kama ile inaweza kutoa besi? Haiwezi. Lakini niliisikia kifuani, vilevile kama kule bweni, na mabati juu yetu yakawa yanatetemeka kwa mpigo wake. Ungekuwa wewe ungekimbia? Mimi sikukimbia. Sikuogopa hata. Nilisikia huzuni tu, kubwa, nisiyojua imetoka wapi.

"Watu waliipenda?" akauliza, bila kuniangalia.

Nilitamani kumdanganya. "Wengi hawakuisikia. Mimi niliipenda. Ilinivusha msiba wa mama yangu."

"Mmoja," akasema. "Si haba."

Kisha akaniambia hivi: "Wimbo wa mwisho, pale magitaa yanapovurugika, kuna mtu anasema kitu kwa Kikurya."

"Nakisikia kila mara. Sijawahi kukielewa."

"Hukuambiwa wewe. Mpelekee dada yangu Boke, ana mgahawa Tarime, karibu na stendi. Atakufukuza. Usiondoke mpaka asikilize."

Nikainamia simu ili niutafute huo wimbo wa mwisho. Nilipoinua kichwa, hayupo. Mvua ilikuwa bado inapiga, na kwenye tope mbele ya baraza hapakuwa na alama yoyote isipokuwa za pikipiki yangu na viatu vyangu.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Tarime. Kumpata Boke hakukuwa kazi. Kila mwendesha bodaboda anamjua. Ni mama mtu mzima, mnene kiasi, alikuwa anasukuma chapati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chai au supu?"

"Nimetumwa na kaka yako. Yule aliyepiga besi."

Mikono yake ikasimama. "Toka," akasema.

Nilikaa pale pale. Wateja wakaanza kutuangalia. Mwishowe akafuta unga mikononi, akakaa mbele yangu, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Kaka yangu Marwa alifukiwa na shimo la dhahabu Nyamongo. Hata mwili hatukuupata. Unajua kwa nini alikuwa huko? Nilipoolewa mimi, ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wake, aolee. Ndivyo tulivyo kwetu. Yeye akawauza, akaenda Nairobi kulipia studio. Akarudi na boksi la kanda. Zote nilizitupa chooni, sikusikiliza hata moja. Nikamwambia asikanyage mlangoni kwangu mpaka awarudishe wale ng'ombe. Akaenda kuchimba ili awarudishe."

Nikaweka simu mezani, nikauwasha wimbo wa mwisho. Alisikiliza amekaza uso. Magitaa yalipoanza kuvurugika, ile sauti ikapita chini yake, maneno machache tu, na Boke akashika meza kwa mikono miwili.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema, Boke, ng'ombe wako ndio hawa. Wasikilize wanavyolia."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Hakulia. Akasema, "Miaka yote hii nimekuwa na hasira naye. Hiyo hasira ndiyo iliyokuwa inaniamsha alfajiri kuja kukanda unga. Sasa umeniondolea, nishike nini?"

Nilimtumia wimbo kwenye simu yake nikaondoka. Nilisikia baadaye kwamba siku hiyo alifunga mgahawa mapema, tena ilikuwa siku ya soko.

Nilipofika Issenye jioni nikaweka albamu nisikilize. Besi haikuwepo. Magitaa yapo, ngoma zipo, mwimbaji yupo, chini yao patupu. Nikajaribu kwenye spika kubwa ya shule. Mwalimu mwenzangu akaniambia, "Hii bendi haikuwa na mpiga besi." Nikampigia dada yangu Njombe aichukue ile kanda yenyewe, aipige. Ni hivyo hivyo. Na wimbo niliomtumia Boke nao hauna.

Sijuti kupeleka ujumbe. Najuta kwamba pale barazani mwenyewe alikuwa mbele yangu, mvua bado ina safari ndefu, na mimi nikaharakisha kutafuta wimbo kwenye simu badala ya kumwomba apige. Huwa nalala kwa shida sasa.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, kama una ndugu anayefanya kitu usichokielewa, kaa umsikilize mpaka mwisho angali hai, hata kama ana kosa kwako. Na kama siku moja mtu usiyemjua atakutuma umpelekee mwingine kitu unachokipenda wewe, peleka. Ila kabla hujaondoka, kisikilize wewe kwanza, taratibu, kwa sababu ukishakifikisha hutakisikia tena.